Mashine Iliyogonga Ikifutwa Vumbi

Ballasalla, Kisiwa cha Man
14 Januari 1999

Dada yangu mpendwa Breeshey,

Kwa heshima zote, na baada ya kutafakari siku tatu kama habari hii ivuke bahari kwa kalamu tu au inastahili mjumbe maalumu, natangaza rasmi kwamba katika mashindano ya mwaka huu ya mkate wa bonnag, kitengo cha wanaume, ukumbi wa kanisa, mdogo wako Finlo Corlett amenyakua nafasi ya tatu. Washindani tulikuwa watatu. Jaji alisema mkate wangu una msimamo. Mke wangu Ealish ameuweka chini ya mlango wa jikoni usifungwe na upepo, na mpaka leo mlango haujafungwa.

Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Bado naendesha basi langu lile lile, Douglas mpaka Port Erin na kurudi, na abiria ni wale wale, ila Bi Kermode siku hizi anapanda na mto wake wa kukalia, anasema viti vya serikali vina baridi ya makusudi. Ealish anakusalimu sana. Anauliza kama Agosti utakula heringi na viazi kama mtu wa kwenu, au huko New Zealand wamekugeuza mtu wa kondoo mtupu. Godoro la chumba cha mbele ni jipya. Nakukumbusha Agosti kwa sababu hii ni mara ya nne unaahidi kuja, na mara tatu zilizopita ulikuwa na sababu nzuri sana.

Sasa kuna jambo dogo. Dogo mno, hata naona haya kulitia kwenye karatasi. Unaikumbuka ile karatasi aliyoacha Baba alipofariki, yenye maneno saba tu: "Mashine ni ya Breeshey. Finlo afute vumbi." Nimefuta, Dada. Miaka miwili nimefuta. Hakuna pikipiki katika kisiwa hiki iliyofutwa kama hiyo nyekundu yako. Basi juzi nilikuwa naifuta vumbi nikasikia inagonga. Juu, upande wa nyuma, kak-kak-kak, kama mtu anayepiga kijiko kwenye kikombe akitaka kutoa hotuba. Huenda ni unyevu. Naomba tu uniambie kama mashine hugonga kwa unyevu, maana fundi ni wewe, mimi mtu wa basi, na Agosti ndiyo utaipanda kwenye gwaride la mashine za zamani, mzunguko mzima wa mlimani, kama ulivyomwahidi Baba.

Zaidi ya hapo hakuna. Mwenye mkia mrefu aliingia bandani akatafuna kona ya kiti, lakini nimemtegea.

Nduguyo wa nafasi ya tatu,
Finlo


Port Chalmers, New Zealand
1 Februari 1999

Finlo, mwana wa mama yangu,

Hongera kwa ushindi. Nimewaeleza mafundi wenzangu hapa karakana, tumesimama kimya dakika moja kwa ajili ya mkate.

Mimi mzima. Huku ni kiangazi, mbwa amelala chini ya meza yangu ya kazi na anakoroma kama injini ya boti yenye silinda moja. Nyanya zimeiva. Mwambie Ealish heringi nitakula, na viazi nitakula, na asiweke chumvi kama anasafisha jeraha.

Sasa sikiliza. Mashine iliyozimwa haigongi. Nimeishi na injini miaka thelathini, za boti, za matrekta, za misumeno ya kukatia miti, sijaona hata moja inayogonga kwa kufutwa. Uliiwasha. Sikuulizi kwa nini, maana ukianza kunieleza tutafika Agosti.

Kelele ya juu, ya nyuma, ya kijiko na kikombe: hiyo ni kemshafti, ile fimbo ya juu inayofungua na kufunga vali. Injini hizi, zenye silinda zilizopangwa kama herufi V, zina ugonjwa wao unaojulikana dunia nzima. Pampu ya oili iko chini. Oili ikitoka kwenye pampu inakwenda kwanza kwa wakubwa wa chini, krenkshafti na beringi zake, halafu gia, na kinachobaki ndicho kinachopanda kwenye vijia vyembamba mpaka juu kwenye kemshafti. Ni kama nyumba ya ghorofa: wa chini wakifungua bomba zote, wa juu anapata kikohozi. Ukienda kasi, pampu inasukuma vya kutosha na wote wanakunywa. Ukisimama na injini inanguruma papo hapo, juu panakauka, na chuma kinakula chuma.

Fungua kifuniko cha nyuma. Tazama yale matuta ya kemshafti yenye umbo la yai. Yawe laini kama kioo. Kama yana vishimo, niandikie.

Na uniandikie namba iliyo kwenye saa ya maili. Baba alikuwa ananiandikia kila mwezi. Ya mwisho niliyopata ilikuwa 11,204.

Halafu huyo "mwenye mkia mrefu". Una miaka hamsini na mbili, Finlo. Ni mnyama tu, ana jina la herufi tano ambalo ninyi huko kisiwani hamlitamki kwa kuogopa nuksi, na mimi huku nalitamka asubuhi na jioni na hakuna baya lililonipata. Ukinidanganya tena nitaliandika kwa herufi kubwa juu ya bahasha, alisome tarishi wenu Kneale mpaka mlangoni kwako.

Dada yako,
Breeshey


Ballasalla
17 Februari 1999

Dada Breeshey mwenye huruma,

Tafadhali usiandike hilo neno kwenye bahasha. Kneale anaugua moyo tangu Krismasi, na kisiwa kizima kitajua limetoka kwa nani na limekuja kwa nani. Bi Kermode atahama upande wa basi.

Sisi wazima. Mvua. Ealish amejiunga na darasa la kuchora na sasa nimechorwa mara tatu, zote nimelala. Msikilizaji wa nyumba hii amebaki kuwa mimi, naye hasikilizwi.

Basi nakiri. Niliiwasha. Humu humu bandani, kidogo tu, kusikiliza.

Nimefungua kifuniko. Nilitumia asubuhi nzima na spana tatu, moja ikaangukia mahali ambapo mpaka sasa sijapajua. Dada, matuta ya nyuma yana vishimo kama uso wa mtu aliyepona ndui. Nimepitisha ukucha, ukucha umenasa. Ya mbele yamekwaruzika kidogo tu. Nimekaa juu ya ndoo nikayatazama mpaka chai ikapoa.

Nimefikiri sana imekuwaje. Wewe unamjua Baba na Daraja la Wenyewe. Sisi wengine tunapita pale tunasema salamu, tunapunga mkono, yamekwisha. Kwenye basi langu wanasalimia wote kwa pamoja, na wa kwanza ni wale wanaosema hawaamini kwamba kuna viumbe wadogo wanaoishi chini ya daraja. Baba hakuwa mtu wa kupita. Baba alisimama, akavua kofia ngumu, akasalimia Wenyewe kwa niaba ya kila mtu wa ukoo, walio hai na waliolala, jina kwa jina, kisha hali ya hewa, kisha matatizo ya treni ya mvuke aliyoiendesha miaka thelathini na nane. Na injini aliiacha inanguruma wakati wote huo, wasije wakadhani amekuja kukaa. Kwa jinsi ulivyonieleza habari ya ghorofa, nadhani jibu tunalo. Sisemi zaidi. Marehemu hasemwi.

Namba ya saa ya maili sikuiona vizuri kwa ajili ya vumbi.

Nduguyo mtiifu,
Finlo


Port Chalmers
8 Machi 1999

Finlo,

Vumbi. Mtu aliyeachiwa kazi moja duniani, kufuta vumbi, ameshindwa kusoma saa kwa ajili ya vumbi. Barua yako nimeibandika ukutani karakana.

Mimi mzima. Mbwa mzima. Nyanya zimekwisha.

Kuhusu Baba na daraja. Nilimwambia.

Sasa kazi. Nimepata kemshafti mbili za nyuma kutoka mashine iliyogonga ukuta huku kusini. Mwenyewe yu hai, anachechemea. Nimezisugua na kuzipima, ni nzima. Zimo kwenye kifurushi hiki, zimevishwa soksi za sufu. Soksi ni zako, nilizifuma mwenyewe, usizitumie kufutia.

Utakuta pia bomba mbili ndefu na bolti zake. Hii ndiyo dawa. Tunachukua oili pale pale karibu na chujio, kabla haijaanza kutembelea wakubwa wa chini, tunaipeleka juu moja kwa moja kwa njia yake yenyewe, bomba moja kichwa cha mbele na moja kichwa cha nyuma. Nimekuchorea. Hata mkeo anaweza kuifuata akiwa anakuchora. Zile njia za zamani za kupandishia oili unaziziba kwa vizibo nilivyoweka kwenye kibweta.

Sikiliza hapa kuliko pengine pote. Ndani ya kila bolti ya juu kuna tundu dogo, la kupenya sindano ya kushonea magunia. Utaliona dogo. Utasikitika. Utataka kulisaidia. USILIGUSE. Udogo wake una kazi.

Ukiwasha, acha kifuniko wazi kidogo utazame: oili ifike juu kabla hujamaliza kuhesabu kumi.

Namba ya saa ya maili, Finlo.

B.


Ballasalla
3 Mei 1999

Dada yangu mpendwa, taa ya ukoo, bingwa wa karakana,

Natumai barua hii itakukuta katika afya njema na hasa katika furaha, umekaa, hujashika kitu kizito.

Sisi ni wazima mno. Soksi zinanitosha kama zilinizaa. Goti limenyamaza, basi jua linawaka, na bonde zima limejaa maua ya manjano. Ealish amemaliza darasa la kuchora, amehitimu, na picha mojawapo imetundikwa kwenye ofisi ya posta: "Mwanamume Akipumzika". Kneale ananiita kwa jina hilo.

Kemshafti nimezifunga, alama kwa alama, kama mchoro wako. Kifuniko nimekifungua na kukifunga mara nne kwa sababu ya ile spana, ambayo sasa nimeipata, usiulize. Vizibo nimevitia. Bomba nimezifunga na zinapendeza. Aliyepita bandani alisema mashine imetiwa mapambo.

Nina swali moja la jumla tu. Si kwamba limetokea. Bwana mmoja ninayemfahamu, mwenye mashine ya aina hiyo hiyo, upande wa Ramsey huko, alifunga bomba kama hizi, na alipotazama yale matundu aliona hayana ukarimu. Huyu bwana si mtu mbaya. Alifikiri kwamba kama juu palikuwa pamekauka miaka yote hiyo, basi si haki kupapimia matone tu. Akachukua kekee akayapanua. Akaiwasha. Oili ilifika juu kabla hajahesabu mbili, ikafika na kwenye kofia yake, na kwenye dirisha, na bomba la moshi likatoa wingu la buluu mpaka majirani wakaingiza nguo zilizoanikwa. Huyo bwana alicheka kwa furaha. Ila baada ya muda kama wa kuchemsha yai la majimaji, taa nyekundu ikawaka.

Taa nyekundu ina maana gani? Anauliza yeye.

Alizima palepale. Hajaiwasha tena. Analala vibaya.

Saa ya maili nimeisahau tena, huu umri.

Wako katika damu,
Finlo


Port Chalmers
24 Mei 1999

Kwa bwana wa Ramsey,

Taa nyekundu maana yake ni kwamba umewaogesha wa juu na kuwaua wa chini kwa kiu. Oili ni ile ile moja, bwana wa Ramsey. Ukifungua bomba kubwa juu, krenkshafti inabaki inalamba ukuta. Ndiyo kazi ya tundu dogo: wa juu wapate chao, wa chini wasinyang'anywe. Nilikuandikia kwa herufi kubwa. Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikainuka nikatukana, mbwa akatoka nje.

Mimina oili yote. Ichuje kwa kitambaa cheupe juani. Ukiona chembe zinazong'aa, umeua injini. Usipoziona, amekuokoa huyo huyo aliyezima haraka, basi mpe pongezi zangu. Nimekutumia bolti nyingine mbili. Matundu yake ni madogo zaidi, kwa hasira. Hapana, ni yale yale. Funga uache.

Sasa nataka kukuandikia jambo lingine, na nakuomba usilifanyie mzaha.

Tangu uniambie kuhusu matuta na daraja silali vizuri. Novemba ile ya mwisho Baba aliniandikia kwamba injini imeanza kupiga makelele madogo asubuhi. Nilikuwa nimechoka, nimetoka kazini. Nikamjibu vibaya. Nilimwandikia kwamba anaiua mashine kwa mikono yake, kwamba hao Wenyewe wake hawajawahi kumimina oili kwenye kitu chochote, na kwamba mtu mzima anayesimama darajani kuongea na hewa huku kemshafti zinakauka hastahili mashine ya namna ile. Nilimweleza na dawa, ndiyo, azime kabla hajafika, lakini nilimweleza kama anavyoelezwa mjinga. Hakunijibu. Niliyezoea kupata barua kila mwezi, nikangoja Desemba, nikangoja Januari. Februari ikaja simu yako.

Ndiyo maana sikuja kumzika. Sababu niliyokupa wakati ule haikuwa kweli. Sikuweza kuja kusimama pale na maneno yangu ndiyo ya mwisho aliyoyasikia kwangu.

Na sasa naona aliendelea vile vile mpaka mwisho, matuta yameliwa, kwa hiyo ama alikasirika ama alidharau. Vyovyote vile siwezi kuipanda mashine hiyo Agosti na watu wakinipungia mkono kama binti mwema. Jina la gwaride badilisha, weka lako. Panda wewe. Godoro mpe mgeni mwingine.

Saa ya maili sikuulizi tena. Haina kazi.

Breeshey


Ballasalla
8 Juni 1999

Dada Breeshey,

Sisi wazima. Oili nimeichuja kwa kitambaa cheupe juani, haina chembe. Bolti mpya nimefunga, sikuzigusa. Kekee nimempa Ealish aifiche. Jana asubuhi niliiwasha na kifuniko wazi. Nilifika saba. Oili ikachomoza juu ya matuta, taratibu, ikameremeta, ikaenea. Taa nyekundu ikazimika. Hakuna kijiko wala kikombe. Inanguruma kama ilivyokuwa siku Baba alipoileta.

Hizo ndizo salamu. Sasa nakuandikia lililotokea, lote, na ukimaliza kulisoma una ruhusa ya kuandika lile neno kwenye bahasha, kwa wino mwekundu, hata pande zote mbili.

Saa ya maili inasoma 13,002.

Kwenye ukuta wa banda, kwa chaki, kwa mwandiko wa Baba, iko namba 11,391. Aliiandika siku ya mwisho aliyoiegesha. Toa moja katika nyingine utapata safari zangu. Karibu kila Alhamisi ya mapumziko, miaka miwili. Ealish alidhani niko kwenye mazoezi ya kwaya. Kwaya walidhani naumwa koo.

Nilijiambia naipasha moto tu, isioze. Halafu nikajiambia mpaka njia panda tu. Halafu nikafika darajani. Na nilipofika darajani, Dada, nilisimama, nikaiacha inanguruma, nikawasalimia Wenyewe, na baada ya salamu nikaona nimwambie Baba habari za wiki, maana pale ndipo alipokuwa anapiga soga zake na sikujua mahali pengine pa kumpata. Habari za wiki zilikuwa ndefu. Unanijua. Nilikuwa nikisimama hata nusu saa. Injini inanguruma, juu panakauka, na mimi namweleza Baba habari za Bi Kermode na mto wake. Matuta yaliliwa pale. Niliyala mimi, kwa mdomo.

Ulipoeleza habari ya ghorofa nilielewa siku ile ile ni nani aliyeharibu. Nikaona nikikwambia utakasirika, na ukikasirika utapata sababu ya nne, nzuri kuliko zote, ya kutokuja. Kwa hiyo nikamsingizia Baba. Nilimsingizia kwa adabu, nikamaliza kwa kusema marehemu hasemwi. Ningejua ulichokuwa umebeba, nisingethubutu. Lakini nilijua jambo moja ambalo wewe hulijui, na nilikaa nalo, kwa sababu ningelisema lingenitia mimi hatiani. Hili hapa.

Desemba ile, ya 1996, kama wiki tatu baada ya barua yako, nilikuwa naendesha basi kutoka Douglas, saa nne asubuhi, abiria kumi na mmoja. Tunakaribia daraja, namwona Baba mbele yetu kwenye mashine nyekundu. Ghafla sauti yake inakatika. Kabla hata hajaufikia mteremko mdogo, amezima, anateleza kimya kama mtu anayeingia kanisani amechelewa. Akasimama darajani. Nikasimamisha basi nyuma yake, nikalizima, nikafungua dirisha. Nilidhani imekufa.

Alivua kofia. Abiria wote tulimsikia, maana hapakuwa na kelele yoyote. Alisema hivi: "Mtaniwia radhi leo nimekuja kimya. Binti yangu Breeshey ameandika. Anasema nikisimama hapa na injini inaenda, oili haifiki juu. Huwa anajua anachosema." Ndipo akaanza majina, akaanza na lako.

Alipomaliza hakuiwasha. Alianza kuisukuma. Mzee wa miaka sabini na nane, mashine nzito kama ng'ombe. Nikateremka mbio.

"Baba, imekufa?"

"Nani kasema imekufa? Nimeizima."

"Si uiwashe sasa, umeshasalimia!"

"Nimewaomba radhi hivi punde halafu niwangurumie usoni? Wewe umelelewa na nani?"

"Na wewe."

"Basi shika kiti, sukuma."

Bi Kermode akachungulia mlangoni. "Juan Corlett, utajiua! Binti yako mwenyewe angekwambia uache!"

"Binti yangu ndiye aliyeniambia," Baba akasema. "Teremka usukume, una nguvu kuliko huyu."

Wakateremka wote. Abiria kumi na mmoja na dereva, tukaisukuma mpaka pembeni ya kona, hatua thelathini, basi limesimama katikati ya njia milango wazi. Hapo ndipo akaiwasha. Akatupungia mkono. Toka siku hiyo mpaka alipofariki, sikumsikia hata mara moja akipita pale na injini inawaka. Ratiba yangu ya basi iliharibika majira yote ya baridi, na wakubwa wangu walinihoji, nikasema ni ukungu. Muulize Bi Kermode. Anasimulia mpaka leo, na anasema ndiye aliyesukuma peke yake.

Kuhusu kutojibu. Dada, zikumbuke barua za Baba. Zote ulizowahi kupata zilianzaje? Zilianza "Hapana." Hapana, usiolewe na huyo. Hapana, mbwa hawana dini. Alikuwa akijibu barua alizozipinga tu. Aliyoikubali aliona imekwisha kazi. Yako niliikuta baada ya mazishi kwenye debe lake la vipuri, imekunjwa ndani ya kitabu cha mashine, kwenye ukurasa wa mchoro wa njia za oili, na ina alama za vidole vyake vyeusi juu ya maneno "azime kabla hajafika". Ningekutumia tangu hapo. Nilikuwa tayari nimeshaanza kupanda Alhamisi na kuiacha inanguruma kwa kuwa sikuwa na wa kunisaidia kusukuma, na kwenye karatasi hiyo kulikuwa na maelezo ambayo sikutaka kuulizwa kama nimeyasoma. Nimeiweka humu ndani ya bahasha hii. Ni yako.

Hilo ndilo lililotokea. Sina lingine lililobaki mfukoni.

Jina la gwaride sijabadilisha. Bado ni lako, namba ishirini na saba. Sitaipanda tena, hata Alhamisi, na kwaya wamefurahi kwa mashaka. Ukija tutapita darajani pamoja, mimi na basi, wewe mbele, umezima. Ukishamaliza kuwasalimia, tutakuwepo wa kusukuma.

Mashine iko bandani. Nimefuta vumbi.

Finlo